Mvua Niliyoitangaza Mimi

Bibi, shikamoo.

Kaa vizuri huko uliko, maana habari ninayokuletea ni kubwa: siku hizi mvua ya Mbulu hainyeshi mpaka mimi niseme. Usicheke. Hata ng'ombe wanajua. Nikisimama njiani nikatazama juu, ng'ombe wa watu wanaanza kurudi zizini wenyewe, na mama jirani anaanua nguo mbio. Mnadani hakuna tena anayeniita Bura. Naitwa Hali ya Hewa. Ndiyo, mimi mjukuu wako, yule mume wako mvivu uliyesema hajui jua linachomoza upande gani kwa sababu linachomoza yeye amelala. Leo watu wazima wananiuliza kama wafue blanketi au wasubiri.

Kabla sijafika huko, nikupe habari za nyumbani.

Mbuzi wako mweusi, yule mwenye tabia zako, amezaa mapacha na bado anapiga watu pembe. Ndevu zangu zimeota. Siyo nyingi, lakini zinaonekana mtu akija karibu akiwa na nia nzuri. Baba Mdogo Lohay amemaliza nyumba yake ya bati pale mbele, ameipaka rangi ya bluu, na tangu ahamie humo anatembea kama diwani. Ila macho yake hayakutulia kwenye hiyo bluu. Yalikuwa kwenye nyumba yako.

Unajua alivyokuwa anaisema hata ukiwa hai. Kwamba tembe ni nyumba ya zamani, kwamba paa la udongo ni la watu ambao hawajaona bati, kwamba mashangazi wakija Krismasi na wakwe zao tutachekwa. Ulipokuwepo aliyasema hayo akiwa mbali kidogo, mahali ambapo fimbo yako haifiki. Fimbo ilipoondoka, akasogea. Siku moja aliniita akasema, "Bura, mwanangu, ile nyumba nataka kuibomoa. Hamia chumba cha nyuma huku kwangu."

Nikamwambia, "Baba, ile nyumba haina ubaya."

"Haina ubaya, ina udongo. Ikikuangukia na mvua nitawaeleza nini watu?"

Tulibishana, Bibi. Mimi nilibishana kwa heshima, yaani nilikaa chini kwanza. Mwisho tukapatana: nyumba ikivuka mvua hizi mpaka mashangazi waje, haijavuja wala kupasuka, itabaki, na mimi nitabaki ndani yake na mbuzi wako na kondoo. Ikishindwa, itabomolewa na mimi sitasema neno. Nikampa mkono. Nilimpa bila wasiwasi, kwa sababu nani anaijua nyumba ile kuliko mimi? Nimelala humo tangu sijajua kufunga kifungo cha shati.

Nakumbuka tulivyokuwa tunapanda juu ya paa kila mwaka kabla ya mvua. Mimi napandisha udongo kwa ndoo, wewe unamwaga majivu juu yake, halafu tunakanyaga pamoja, peku, kuanzia ukuta wa juu mpaka upande wa kondoo ambako paa limeinama, pale lilipo lile bati lililokunjwa la kutolea maji. Ulikuwa unanisukuma kiunoni. "Kanyaga, mume wangu! Miguu gani hiyo, ya kuku?" Ukimaliza unaingiza mkono kwenye lile bati, unatoa majani na kinyesi cha ndege, unanipaka shavuni. Nilikuwa nakasirika. Sasa hivi ungenipaka uso mzima nisingesema kitu.

Na siku ile tunakupandisha basi la Haydom kwenda hospitali, ulishika mlango ukagoma kuingia mpaka unigeukie. "Mume wangu, nikirudi nikute paa." Ulirudi umelala, Bibi, lakini paa ulilikuta. Hilo nililishika moyoni kama cheti, mimi ambaye cheti cha kidato cha nne sikukifikia.

Haya, sasa sikia.

Alhamisi asubuhi nipo mnadani Bashay. Wiki hiyo ilikuwa ya mnada mkubwa wa kabla ya Krismasi. Wafanyabiashara walianza kufika mapema kujenga vibanda, na mimi nilikuwa nawasaidia kuchimba mashimo ya nguzo, ingawa mashimo mengine nilikuwa nayasimamia tu. Bando likaingia kwenye simu, na utabiri ukaingia nalo. Nikausoma kwa sauti, kama nilivyokuwa nakusomea Injili ukiwa umesahau miwani: nyanda za juu kaskazini mashariki, ikiwemo Manyara, Jumamosi mchana hadi jioni, mvua kubwa, radi na upepo mkali. Wananchi wachukue tahadhari.

Bibi, walicheka! Anga lilikuwa jeupe, vumbi limejaa masikioni, na mimi nasoma radi. Paskalina anayeuza chai akasema, "Wewe umeishia kidato cha pili, leo umeanza kusoma mawingu?"

Nikamjibu, "Kidato cha pili na nusu. Na mawingu hayana mtihani."

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Shabani wa Katesh, yule muuza ndoo na maturubai ambaye ulikuwa unambania bei mpaka anafunga duka. Yeye aliweka nyundo chini akaomba simu, akasoma mwenyewe polepole huku anasogeza midomo. Tangu lile tope la mlimani liingie Katesh na kuzika watu, mtu wa kule akisikia mvua kubwa hafanyi mzaha. Akaniambia, "Kijana, twende kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa mnada tulimkuta anakula. Mzee Shabani akaeleza, mimi nikapamba. Nikamwambia wale madalali wa ng'ombe wote wanasimama chini ya mkaratusi mrefu kuliko kanisa, radi ikija inachagua nani? Nikamwambia mvua ikianza watu wakiwa wamejaa, ng'ombe wakishtuka, itakuwaje? Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Nadhani ni yale uliyokuwa unasema nina mdomo utakaonilisha au utakaonipigisha. Mwenyekiti alitafuna mpaka akamaliza, akafuta mkono, akasema, "Basi tuanze asubuhi sana, na saa saba uwanja uwe mtupu. Nani atatangaza?"

Bibi, usiulize nani alitangaza.

Walinipa spika, wakanipakia kwenye bodaboda. Alhamisi mchana na Ijumaa yote, nimezunguka Bashay na vijiji vya pembeni, tumeshuka mpaka barabara ya Dongobesh. "Tangazo, tangazo! Mnada wa Jumamosi utaanza asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka! Ikifika saa saba, kila mtu awe ameondoka na chake. Na asiye na chake aondoke vilevile!" Watoto walinifuata. Wamama walitoka jikoni na miiko. Halafu nikakukumbuka na yale mambo yako ya radi, ulivyokuwa unafunika kioo kwa khanga na kunivua jezi yangu nyekundu ngurumo ikiwa bado iko mbali huko, nikaongeza: "Na mwenye nguo nyekundu, radi ikianza aivue! Hii ni kwa agizo la bibi yangu!" Nilidhani watacheka. Kuna mzee wa ng'ombe alikuwa na shuka jekundu, akaniita kwa heshima kabisa, akauliza kama lenye mistari nalo linahesabika.

Nikamwambia linahesabika nusu.

Ijumaa jioni, koo limekauka, Mzee Shabani akanipa zawadi: turubai kubwa la bluu, jipya, bado lina harufu ya dukani. "La nyumba yako, Hali ya Hewa. Hata mtabiri anahitaji pa kujificha." Hapo ndipo nilipokumbuka paa. Unaona, siku zile mbili zote ambazo ningekuwa napandisha udongo, nilikuwa kwenye bodaboda. Paa lilikuwa na nyufa za kiangazi, unaingiza kidole. Jua linazama na udongo hata ndoo moja sijapandisha. Lakini akili ya nini, Bibi, kama siyo kwa saa kama hizo?

Nilipanda na lile turubai. Likaenea paa zima, kama limekatwa kwa ajili yake. Utabiri umesema upepo mkali, nikasema upepo hautanifundisha kazi: nikazungusha mawe makubwa pembeni kote, mstari mmoja, halafu nikakunja kingo za turubai juu ya mawe na kuziingiza chini. Lilikaa kama kitanda kilichotandikwa na mtu anayeoa kesho. Baba Mdogo alikuja kusimama chini, mikono kiunoni. Akatazama sana. "Ndiyo mwaka huu hukanyagi?"

Nikamwambia kutoka juu, "Baba, kukanyaga ni kwa zamani. Hii ni sayansi."

Akasema, "Haya," akaenda kula.

Jumamosi sasa! Bibi, sijawahi kuona mnada kama ule. Taa za malori bado zinawaka na watu wameshajaa. Ng'ombe, mbuzi, kuku wamefungwa miguu kwa vitambaa vya sare za shule, mitumba imemwagwa hadi njiani. Wamang'ati wa Hanang wameshuka na fimbo zao na mashuka yao, wanapita katikati ya watu kama hawana haraka na dunia. Nilikuwa na spika yangu juu ya meza. Nilitangaza mtoto aliyepotea, nikatangaza mama wa huyo mtoto aliyepotea zaidi yake, nikatangaza nyama choma ya rafiki yangu bure kabisa. Nadhani sauti yangu ilifika Endagikot.

Shida moja tu: jua.

Jua lilitoka, Bibi, likakaa pale kama mkwe. Hakuna wingu la ukubwa wa kitambaa. Watu wakaanza. "Hali ya Hewa, mbona tunaungua?" Paskalina akaniletea chai, akauliza kama anishikie mwavuli wa jua. Wauza nguo walikuwa wamekasirika kweli, maana biashara ilikuwa moto na mimi nawaambia wafungashe. Mwenyekiti akanisogelea, akaniambia sikioni huku anatabasamu kwa watu: "Kijana, mvua isiponyesha leo, wewe ndiye utanyesha."

Nilitoka jasho mpaka kwenye soksi. Nikatazama simu, utabiri ni uleule. Nikatazama juu, ni juu ileile. Kidogo nikuombe wewe, kama una mtu unayefahamiana naye huko. Kwa kweli nilikuomba. Nilisema kimoyomoyo, Bibi, usiniaibishe mbele ya Paskalina.

Lakini sikunyamaza. Muda ulipokaribia nikashika spika nikasema kufungasha ni sasa, mwenye kubisha abaki alinde uwanja peke yake. Mzee Shabani ndiye aliyeanza. Akashusha turubai lake, akafunga ndoo zake, wala hakutazama juu. Wengine walipomwona mtu wa Katesh anafungasha, nao wakaanza kunung'unika na kufunga. Ng'ombe wakaondoka kwa makundi, madalali wakaondoka chini ya mkaratusi wakinitukana kwa upole.

Halafu upande wa Hanang ukawa mweusi.

Siyo polepole, Bibi. Ilikuwa kama mtu amefunga mlango. Upepo ukaja kwanza, ukabeba makaratasi na kofia na banda zima la mtu aliyechelewa. Watu wa mwisho wakakimbilia barazani kwenye maduka, tumebanana pale kama mahindi guniani, na mvua ikashuka huku inapiga kelele. Uwanja wote ulikuwa mtupu. Umenielewa? Mtupu! Na hapo ndipo radi ilipopiga ule mkaratusi. Mwanga kwanza, kila mtu akawa mweupe, halafu mlio niliousikia kwenye meno. Mti ukapasuka kuanzia juu mpaka chini, nusu ikalala pale pale walipokuwa wanasimama madalali, kila mnada, miaka yote.

Watoto wakajificha kwenye khanga za mama zao.

Halafu baraza zima likalipuka. Walinibeba, Bibi! Mimi, na miguu yangu ya kuku! Dalali mmoja mnene alikuwa analia, ananishika miguu, anataja watoto wake wanne kwa majina yao. Mwenyekiti aliinua mkono wangu kama nimeshinda uchaguzi. Yule mzee wa shuka jekundu alikuwa amelivua na kulikalia, kifua wazi, anatetemeka kwa baridi, na hakuna aliyemcheka. Paskalina alinitazama vile nilivyokuwa nataka anitazame tangu darasa la sita. Mzee Shabani hakupiga kelele. Alinishika bega tu, akatazama ile mvua kwa muda mrefu, na mimi nilijua anatazama mvua nyingine.

Ningetaka uwe pale. Ungepiga kigelegele, halafu ungesema ni bahati tu.

Nilitaka kuishia hapa. Kweli, nilishaandika kwaheri huko chini, nikaifuta.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimelowa, naimba. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Kwenye kona, pale unapoanza kuiona nyumba, nilimwona Baba Mdogo amesimama nje ameshika mbuzi wako mweusi kwa kamba, mapacha wamefunikwa koti lake. Kondoo walikuwa kwenye veranda ya bluu. Nyumba ilikuwa imeingia ndani katikati. Boriti kubwa ilikuwa imekatika, na paa lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kitanda chako.

Yeye ndiye aliyesikia boriti inalia, akaingia kuwatoa wanyama. Mimi nilikuwa begani kwa watu.

Nilimngoja aniambie, unaona? Nilikuwa na majibu. Yeye alisema, "Pole, mwanangu," akanipa kamba nishike, akaenda kunitafutia shati kavu. Bibi, ingekuwa heri angenicheka.

Majirani walikuja kutoa pole, wote wanasema upepo ule, jamani, upepo ule ulikuwa wa ajabu. Hata Mzee Shabani aliposikia alisema ni upepo. Na mimi nilikuwa naitikia, ndiyo, upepo. Sasa wanasema Hali ya Hewa ni mtu wa watu, alikuwa anaokoa wengine huku upepo unamwangushia nyumba. Sifa imezidi. Jana mtu kaniletea kuku.

Upande wa kondoo umebaki, na ukuta wake. Nimemwomba Baba Mdogo asiubomoe, ingawa nilimpa mkono. Hajasema ndiyo, ila jana nilimwona anachagua boriti zilizobaki nzima na kuziweka mahali pakavu. Akikubali, mashangazi hawajafika nitakuwa nimeezeka upande ule kwa udongo na majivu, na nitakanyaga peke yangu, peku, mpaka usikie. Akikataa, nitafanya hivyo kwenye banda la mbuzi. Hilo nakuahidi, na safari hii sikuahidi kwa mdomo wa mnadani.

Lala salama, mke wangu.

Siyo upepo. Upepo haukugusa kitu. Nilipanda juu kabla hawajafika watu, nikaona mwenyewe: maji yalikuwa yamesimama ndani ya turubai kama lambo, yamezungukwa na mawe niliyoyapanga mimi, na mdomo wa lile bati la kutolea maji niliufunika mimi, nikaukunjia vizuri kabisa. Maji yalikuja kutafuta njia yake yakakuta nimeifunga, yakajaa mpaka uzito wake ukakata boriti. Nikafunua kona moja. Udongo wako chini ulikuwa mkavu, Bibi. Haukulowa hata kidogo.